Kadi ya mkopo yenye pointi za safari: kwa mtu wa Mwanza, inalipa?

Kwa wengi wetu hapa Mwanza, hailipi. Inamfaa mfanyabiashara anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou mara mbili tatu kwa mwaka, na ofisi inayowakatia watu wake tiketi kila wiki. Wengine wanalipia fahari ya kuwa nayo kwenye pochi.

Tatizo la kwanza liko mtaani kabla hujafika benki. Pointi, ambazo baadaye unazigeuza tiketi ya ndege, huhesabiwa kwa shilingi iliyopita kwenye kadi tu. Sasa pitia matumizi ya mwezi ya familia moja ya Ilemela: sangara na dagaa wa Mwaloni Kirumba ni pesa mkononi, daladala pesa mkononi, LUKU kwa simu, fundi kwa lipa namba, ada ya shule kwa namba ya malipo. Kadi inabakiwa na supermaketi pale Rock City Mall, vituo kadhaa vya mafuta, hoteli na tiketi za ndege. Hata hapo, ukikutana na duka linaloongeza asilimia 2 au 3 kwa anayelipa kwa kadi, toa pesa taslimu. Ukikubali nyongeza hiyo, pointi umezinunua kwa bei ya kuruka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kadi ya mfano yenye ada ya shilingi 120,000 kwa mwaka, ambayo ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 141,600, na inayotoa pointi 1 kwa kila shilingi 2,500. Tiketi ya Mwanza–Dar kwenda na kurudi, tuseme ya 350,000, unaipata kwa pointi 25,000, ila kodi na tozo za uwanja, tuseme 60,000, unatoa mfukoni. Hiyo 60,000 ndiyo watu husahau kuipunguza kwenye bei ya tiketi. Pointi zimekuokolea 290,000, kwa hiyo pointi moja ni shilingi 11.6. Gawanya 141,600 kwa 11.6: unahitaji pointi kama 12,200 ili kurudisha ada peke yake. Hizo ni shilingi milioni 30.5 kwa mwaka, zaidi ya milioni 2.5 kila mwezi, zote kwa kadi. Chini ya hapo kadi haijakurudishia hata ada yake. Weka namba za benki yako mahali pa hizi, na bei ya tiketi iwe ile ambayo ungelipa kweli, si ile ya siku moja kabla ya Krismasi.

Riba ndiyo inayoua kabisa. Ukibakiza deni la milioni 1 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, unatozwa 30,000. Manunuzi ya milioni hiyo yalikupa pointi 400, yaani shilingi 4,640. Kile kiwango cha chini cha kulipa kinachoandikwa kwenye taarifa ya mwezi kinakuokoa na faini tu, riba inaendelea kutembea. Omba benki ikate deni lote moja kwa moja kwenye akaunti yako ya mshahara au biashara kila mwezi. Na usitoe pesa ATM kwa kadi ya mkopo: kwa kawaida kuna ada ya kutoa, riba huanza siku hiyo hiyo, na pointi hupati.

Nje ya nchi kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ada ya kubadili fedha. Ikiwa asilimia 3, mzigo wa milioni 5 kutoka Deira, kule Dubai, unakugharimu 150,000 za ziada, huku pointi 2,000 ulizopata zina thamani ya 23,200. Hata benki ikikupa pointi mara mbili kwa manunuzi ya nje, bado uko kwenye hasara, kwa hiyo uliza ada hii kabla ya kuuliza pointi. Wa pili uko kwenye mashine ya kulipia. Muuzaji anakugeuzia kioo, kinauliza ulipe kwa dirhamu au kwa shilingi. Shilingi inavutia kwa kuwa unaielewa, lakini kiwango cha kubadilishia hapo anapanga mwenye mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Bonyeza dirhamu. Muuzaji akikubonyezea mwenyewe, mwambie afute muamala aanze upya kabla hujaondoka kaunta.

Faida ambayo matangazo hayaipigii kelele ni dhamana. Hoteli au kampuni ya kukodisha magari ikizuia dola 300 kwenye kadi ya kawaida ya benki, imezuia fedha zako, na zinaweza kukaa siku kadhaa bila kurudi. Kwenye kadi ya mkopo inazuia sehemu ya ukomo wako wa kukopa tu. Kwa anayesafiri sana, hili peke yake linaweza kuwa sababu ya kuwa na kadi. Bima ya safari nayo ni nzuri, ila mara nyingi hufanya kazi pale tu tiketi ilipolipiwa kwa kadi hiyo hiyo.

Ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege unaotangazwa pamoja na kadi usikuchanganye. Kama safari zako ni Mwanza–Dar na kurudi jioni, utautumia mara ngapi?

Na kuna pointi za bure. Mashirika ya ndege yana mipango yao ya pointi, au maili: Ethiopian wana ShebaMiles, Kenya Airways wana Asante Rewards. Unajiandikisha bila kadi yoyote, jina likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Ethiopian wamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Turkish Airlines, kwa hiyo ukiruka na Turkish unaweza kuandikiwa maili za ShebaMiles, kutegemea daraja la tiketi. Tunza kipande cha kupandia ndege mpaka uone maili zimeingia. Anayepanda meli ya Bukoba au basi la Nyegezi hana cha kukusanya huku.

Ukishaichukua, weka alama kwenye kalenda mwezi mmoja kabla ya ada ya mwaka wa pili. Hesabu ikigoma, tumia pointi kwanza maana nyingi hufutika akaunti ikifungwa, lipa deni mpaka senti ya mwisho, kisha dai barua ya kufunga kadi. Ada inayosahaulika hugeuka deni, na deni hilo utalikuta kwenye taarifa zako za mikopo siku unapoomba mkopo wa boti.