Jiko la moshi la mkaa kwa mtu wa Mwanza: lipi ununue, lipi uliache

Mtu akiniuliza anunue jiko gani la kubanikia nyama kwa moshi, swali langu la kwanza huwa moja: una kipimajoto? Wengi hawana. Hela ya jiko wanayo, hamu ya kidari kinachochambuka kwa vidole wanayo, ila hawana cha kuwaambia ndani ya jiko mna nyuzi ngapi. Kwa hiyo orodha yangu inaanza na kitu ambacho si jiko.

Kabla ya yote: kipimajoto cha nyaya mbili

Waya mmoja unafungwa kwenye wavu, kando ya nyama. Wa pili unachomekwa katikati ya mnofu, usiguse mfupa. Kile kisaa kinachokuja kimefungwa kwenye kifuniko ni pambo. Kinapima hewa ya juu kabisa, wakati nyama yako imelala chini yake, na kati ya hapo na hapo joto linaweza kupishana sana.

Mnapotafuta kipimajoto madukani, kijaribuni kwa maji yanayochemka, lakini msitegemee kisome 100. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi juu yake. Maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto kinachosoma 100 kwenye sufuria ya Kirumba kimezidisha nyuzi nne, na muuzaji atakuapia kwamba hicho ndicho kizima. Kipimo cha pili ni glasi iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo: hapo kisome sifuri, Mwanza au Tanga.

Namba za kukumbuka ni chache. Ndani ya jiko, nyuzi 110 hadi 120. Ndani ya nyama: samaki 63, kuku 74, kidari cha ng'ombe na bega la kitimoto 92 hadi 95. Kidari kikifika 70 hivi huwa kinagoma, mshale hausogei saa nzima au zaidi, kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama unaipoza kadiri moto unavyoipasha. Hapo ndipo watu huongeza mkaa na kuharibu kila kitu. Acha. Au kifunge kwenye karatasi ya bucha, kitaendelea.

Na kwa nini nihangaike na nyuzi? Kwa sababu ya ng'ombe wetu. Anayetoka Magu, Misungwi au Kwimba ni ng'ombe wa nundu aliyetembea na kula majani. Mafuta yake yako kwenye nundu na chini ya ngozi, si ndani ya mnofu kama ng'ombe wa Marekani waliolishwa nafaka. Jiko likipanda hadi 160 bila wewe kujua, kidari cha Texas kitakusamehe. Cha kwetu kitakuwa kiatu. (Nundu yenyewe, ukiiwahi bucha asubuhi, ndiyo nyama bora kuliko zote kwa kazi hii. Sielewi kwa nini wengi wanaiacha.)

Nafasi ya kwanza: pipa la lita 200 kwa fundi wa kuchomelea

Kwa familia nyingi hili ndilo jibu, na bei yake ukiilinganisha na ya jiko la kuagiza ni ndogo mno. Pipa linasimama wima. Chini kuna kikapu cha mkaa kilichoinuliwa kidogo ili jivu lidondoke, juu kuna wavu, na kati ya mkaa na nyama kunabaki kama sentimita 60. Umbali huo ndio unaofanya nyama isiungue ingawa hakuna kizuizi.

Ila kila kitu kiko kwenye matundu, na hapo ndipo mtavutana na fundi. Mafundi wetu wamezoea majiko ya kuchomea, yanayotaka moto uwake.
"Bosi, ngoja nikuwekee matundu mengi hapa chini, litawaka kama gari moshi."
"Hapana fundi. Mimi nataka lisiwake. Matundu matatu tu, ya robo tatu, moja liwe na koki."
Atakuangalia kama umechanganyikiwa. Shikilia hapo hapo. Matundu matatu ya bomba la inchi robo tatu karibu na kitako. Mawili yawe na vifuniko vya kufunga na kufungua, la tatu liwe na koki ya mpira wa chuma, ile ya mkono mmoja inayouzwa maduka ya mabomba. Ukishawasha unaacha mawili wazi hadi joto likaribie 100, unafunga moja moja, na mwisho unaendesha pipa zima kwa koki. Kwenye kifuniko toboa matundu manane ya nusu inchi na yabaki wazi; moshi ukikwama ndani nyama inakuwa chungu.

Kabla hujalipa, washa karatasi na majani mabichi ndani, funika, halafu tazama moshi unatokea wapi. Ukitoka kwenye ukingo wa kifuniko au kwenye mshono, mrudishie fundi. Jiko ambalo haliwezi kuzimika kwa kufunga matundu yote haliwezi pia kutulia kwenye 115. Hewa ndiyo breki.

Pipa lenyewe chagua kwa macho mawili. Lililobeba mafuta ya kula ndilo la kuchukua. Lililobeba dawa ya pamba, rangi au kemikali ya viwandani liache hata kama unapewa bure. Yapo pia mapipa ya chakula yaliyopakwa rangi ndani. Hiyo rangi lazima iungue yote kwa moto mkubwa wa kuni, kisha pipa lisuguliwe hadi chuma kionekane, ndipo upake mafuta ya kupikia na kuliwasha tena. Chuma chenye zinki, kile kinachong'aa kama bati la nyumba, kisiwe ndani kwenye moto wala kwenye wavu. Mvuke wake ni sumu.

Nafasi ya pili: jiko la risasi la kuagiza

Linaitwa hivyo kwa umbo lake la risasi ya bunduki iliyosimama, si kwa madini. Mfano wake mkubwa ni Smokey Mountain ya Weber, ambayo huja kwa ukubwa wa sentimita 37, 47 na 57. Lina beseni la maji kati ya moto na nyama, na beseni hilo linakusaidia sana: maji hayapandi juu ya kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo yanashika joto lisiruke. Kwa mtu anayeanza, ni rahisi kuliko pipa. Limekuwa la pili kwa sababu ya usafiri tu na vipuri. Mlango wake ukipinda njiani, hewa inaingia kama nyumbani kwake. Ukubwa wa 47 unatosha familia. Kama una ndugu anayerudi na kontena, mwambie huyo.

Nafasi ya tatu: kamado ya kauri

Kamado ni jiko la umbo la yai. Jiko zuri mno, sina ubishi. Kuta nene za kauri zinashika joto, mkaa kidogo unakwenda usiku kucha, upepo hauligusi. Lakini jiko kubwa la aina ya Big Green Egg lina zaidi ya kilo 70, na kauri ikiangushwa ndiyo kwaheri. Wewe unayeishi Capri Point na gari linafika mlangoni, nunua. Wewe uliyejenga kati ya miamba ya Bugarika au Igogo, ambako hata mfuko wa saruji unapanda kichwani, fikiria nani atalibeba. Kasoro nyingine: likizidi joto, linachukua muda mrefu kupoa, kwa hiyo lipandishe polepole.

Nafasi ya nne: jiko la feni na kompyuta

Unaweka namba, feni inapuliza mkaa, wewe unalala. Majiko ya Masterbuilt ya Gravity Series yanafanya hivyo, mkaa ukishuka wenyewe kutoka kwenye bomba la pembeni. Yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanataka umeme wa volti 120, wa kwetu ni 230, basi angalia kwanza kifaa chake cha umeme kinakubali vipi. Na umeme ukikatika saa nane usiku, feni imesimama na wewe umelala. Ningependelea kununua kidhibiti cha feni peke yake, kile cha volti 12, nikifunge kwenye tundu la pipa na kukiendesha kwa betri ya sola.

Usinunue

Lile jiko la nusu pipa lililolazwa na kisanduku cha moto ubavuni, la bati jembamba. Linapendeza kwenye picha. Linavuja kila kona, linakula mkaa, na upande wa kisanduku nyama inaungua huku upande wa pili ikiwa mbichi.

Mkaa, kuni na upepo

Chagua vipande vikubwa vigumu, pepeta chenga zote. Chenga huziba njia ya hewa na joto linashuka bila sababu unayoiona. Jaza kikapu mkaa usiowaka, kisha weka juu yake makaa machache yaliyokolea, moto ushuke taratibu wenyewe. Mafuta ya taa na mfuko wa nailoni visikaribie kabisa. Mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe ni wa kuchemshia maharage, si wa moshi unaogusa chakula. Kwa harufu, vipande viwili vitatu vya mwembe au mpera vilivyokauka vinatosha. Msonobari una utomvu, uache. Moshi mweupe mzito ni wa kusubiri upite. Nyama iingie moshi ukiwa mwembamba, karibu hauonekani.

Sangara na sato wa soko la samaki la Mwaloni wawekwe mwisho, mkaa ukiwa unapungua, kwa saa moja hivi, na wavu uwe wao peke yao. Kuku akibanikwa juu ya mafuta ya samaki, wageni watajua.

Jiko likae nje daima, hewa ya mkaa huua watu ndani ya vyumba. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka na kutoka nchi kavu, kwa hiyo koki uliyoielekeza pembeni saa saba mchana inaweza kujikuta inapulizwa usoni saa tatu usiku, na joto likapanda nyuzi 20 hukugusa kitu. Kipande cha bati cha kukinga kinasaidia. Ukimaliza, funga matundu yote, mkaa uliobaki utautumia tena. Jivu litoe likishapoa, maana jivu likinyeshewa linakula kitako cha pipa kabla masika hayajaisha.