Mtungi wa propani kwa nitrasi: kabla ya oktani, tazama presha

Pistoni namba tatu ndiyo iliyolipia kosa langu. Nilinunua seti ya nitrasi, ile gesi inayoipa injini oksijeni ya ziada ili ivute zaidi, na mafuta yake ya nyongeza ni propani badala ya petroli. Ilikuja na kimtungi kinachong'aa, hozi mbili, vali mbili za umeme na kikaratasi cha saizi za jeti, vile vitundu vinavyopima gesi inayopita. Siku niliyoifunga kulikuwa na joto la kama nyuzi 30 na gari likavuta vizuri sana. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya nyuzi 10, nilibonyeza kitufe nikiwa gia ya tatu. Nikahesabu moja, mbili, injini ikagonga kama nyundo juu ya bati. Nilipotoa plagi na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kwenye ile kaure nyeupe vitone vya rangi ya fedha, vidogo kama unga wa msumeno. Ilikuwa alumini ya pistoni yangu.

Tangu hapo wasomaji wananiuliza propani ipi ina oktani ya juu, yaani inayostahimili zaidi injini isigonge. Oktani sitaizungumzia sana. Propani safi ina oktani inayozidi 100, inapita petroli ya kawaida ya pampu, na kila muuzaji atakuimbia hilo kabla hujafungua mlango. Nguvu za farasi nazo sizigusi, maana hizo zinatoka kwenye nitrasi. Kazi ya propani ni kuilisha nitrasi hiyo mafuta ya kutosha: kila gramu 10 za nitrasi zinahitaji angalau gramu 1 ya propani, na mtu mwenye busara anaongeza juu ya hapo. Ikipungua, oksijeni inayobaki inatafuta kitu kingine cha kuunguza, na kilicho karibu ni pistoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Petroli inasukumwa na pampu, presha yake haijali hali ya hewa. Propani haina pampu. Inasukumwa na joto lake yenyewe. Kwenye nyuzi 30 geji ya mtungi wa propani inasoma karibu bar 10. Kwenye nyuzi 10 inasoma bar 5 na nusu hivi. Kwenye sifuri haifiki 4. Wauzaji wanajibu kwamba nitrasi nayo hupanda na kushuka na joto, kwa hiyo vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Haviendi pamoja. Propani hushuka kwa kasi zaidi, na kibaya zaidi, karibu sote tunafunga hita kwenye mtungi wa nitrasi ili ukae kati ya bar 62 na 69. Asubuhi ile nitrasi yangu ilikuwa imevalishwa blanketi la umeme, propani imelala baridi pembeni yake. Jeti ni ileile, lakini mafuta yamepungua kwa kama robo, na ukiwa unavuta mvuke badala ya kimiminika, yanapungua zaidi ya hapo. Nitrasi haikupungua hata kidogo.

Usije ukaona dawa ni kuufunga mtungi wa propani hita ile ile. Vali yake ya usalama ikifunguka ndani ya buti, gesi inayotoka ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Inatanda chini ya zulia na kungoja cheche. Kinachofaa ni geji iliyo karibu na vali ya umeme, unayoisoma wakati propani inatiririka, pamoja na swichi ya presha inayokata nitrasi propani ikishuka chini ya kiwango ulichokipanga. Kisha chagua jeti kwa siku ya baridi kuliko zote utakazoendesha. Siku ya joto utakuwa na mafuta ya ziada na utapoteza nguvu kidogo. Zipoteze.

Kwa kipimo hicho cha kushika presha, kati ya mitungi unayoweza kuchagua naupa nafasi ya kwanza mtungi wa magari yanayotumia LPG (gesi ya kimiminika), ule wa umbo la tairi la spea wenye muhuri wa R67-01, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vifaa vya gesi hiyo kwenye magari. Umebuniwa kufungwa ndani ya gari, unatoa kimiminika kutoka chini, unajifunga ukijaa asilimia 80, na vali yake ya umeme inafunga gesi mtungini kwenyewe unapozima gari. Muhimu kwangu zaidi ni ukubwa. Kilo 20 za propani hazishtuki ukichota gramu 50. Napenda mitungi ya Stako ya Poland yenye vali za Tomasetto Achille na sifichi. Nimefunga mitatu kwenye magari matatu. Vali zinafungika bila kuvuja, nyuzi za skrubu hazilegei, na sehemu ya kupitishia hewa nje ya buti inakuja nayo, huambiwi ukatafute. Onyo moja tu: usiujaze gesi ya pampu yenye mchanganyiko wa butani. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, na kwenye nyuzi 20 geji yake husoma bar 1 na kidogo. Kadiri butani inavyozidi ndivyo presha yako inavyoanguka, na tunarudi kwenye pistoni yangu. Omba propani ya daraja la HD-5, ambayo propani yake haipungui asilimia 90.

Nafasi ya pili ni mtungi wa foklifti. Huu watu wanaupita bila kuutazama, na ninaupenda karibu sawa na wa kwanza. Ule wa kutoa kimiminika una mrija unaofika chini, unalazwa, na una alama inayoonyesha upande upi uwe juu ili vali ya usalama ibaki kwenye mvuke. Iheshimu alama hiyo. Chagua wa alumini kama uzito unakusumbua. Tatizo lake ni umbo: buti ndogo itakwisha yote, na mikanda ya kuufunga lazima iwe ya chuma, iliyoshikwa kwenye sakafu ya gari na si kwenye zulia.

Ya tatu ni seti kamili zinazouzwa kwa jina la nitrasi na propani, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Unalipa bei ya vifaa vya mbio, unapata mtungi mdogo usio na geji. Vali ya umeme ya upande wa mafuta mara nyingi ni ileile ya petroli iliyobadilishwa rangi. Petroli ya kabureta haizidi bar 1, lakini propani kwenye buti lenye joto la nyuzi 50 inafika bar 16. Vali isiyoandikiwa presha hiyo inapitisha gesi kidogo kidogo usiku kucha hadi kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na asubuhi unapiga stata. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe namba mbili: presha ya juu ambayo vali inastahimili, na aina ya mpira wa ndani. Nitrili na Tefloni zinafaa. Mpira wa EPDM propani inauharibu. Dai pia vali ya kuzuia kurudi nyuma kwenye hozi ya propani, maana upande wa pili wa nozeli kuna nitrasi ya bar 60 na zaidi. Seti zenye vitu hivi vyote zipo, ila ni chache, na hata hizo bado utanunua geji pembeni.

Mtungi wa kuchomea nyama unatoa mvuke tu, na kiungo chake kimetengenezwa kubana gesi ikitoka kwa kasi. Uache kwenye jiko.

Vile vimtungi vya kambi vya gramu 465 usivisogeze karibu na gari. Ukivuta gramu 50 za mvuke kwa sekunde 10, kimtungi kinapoa zaidi ya nyuzi 10 hapo hapo, na presha inakufa ukiwa bado umekanyaga.

Yule aliyeniuzia seti yangu nilimpigia simu injini ikiwa imelala mezani. Nilimuuliza jeti za kikaratasi zilipimwa kwenye nyuzi ngapi. Akasema presha ya propani ni ya kawaida. Nikauliza tena, nyuzi ngapi, akaniambia niongeze oktani.