TAHADHARI: Kadi za grafiki za yule jamaa wa ghorofani Kariakoo ni kanyaboya

Wachoraji wenzangu, mafundi, wanafunzi wa usanifu na yeyote anayetumia programu za kuchorea majengo kama AutoCAD au Revit, someni hii kabla hamjapeleka hela Kariakoo. Nimepigwa laki tatu na nusu mchana kweupe, na aliyenipiga yupo dukani anaendelea kuuza. Jina lake silitaji hapa kwa sababu suala limeshafika polisi, lakini nina hasira mpaka mikono inatetemeka ninapoandika.

Najua mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Huyu si machinga wa kupita. Ana fremu yake, ana kaunta ya kioo, ana vijana wawili wa kumsaidia. Ndiye aliyeniuzia RAM na ile skrini kubwa mnayoiona ofisini, na vyote vinapiga kazi hadi leo. Mtu kama huyo unamtiliaje shaka?

Nilimwambia wazi kabisa: kaka, mimi nachora ramani, nataka kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, ya kubeba Revit. Akasema, "Injinia, hapa umefika. GTX 1050 Ti, GB nne, mpya, imebaki moja tu." Akatoa boksi chini ya kaunta, akachana plastiki mbele yangu kwa ncha ya funguo. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akawasha, akafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, nikasoma kwa macho yangu mwenyewe: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Akanionesha memori, MB 4096. Akafungua na mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, akausogeza huku na huku, ukawa mwepesi kweli. Nikamwomba tupakue GPU-Z, programu ya kukagua kadi, tuitazame kwa undani. Akasema bando limeisha. Nikashika simu niwashe hotspot, akaniwahi: "Bosi wangu, kwani mimi na wewe tumeanza kuuziana leo?" Basi nikaona nitamvunjia heshima. Nikahesabu noti, akazirudia kuzihesabu, akaniandikia risiti ya mkono. Halafu akanipa flashi yenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na kuniambia, "Tumia hii hii. Usikubali kuapdeti, ukiapdeti utaiua kadi." Nikalipokea neno lile kama ushauri wa mtu anayenijali!

Nyumbani mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha mistari ya ukuta ikaanza kupotea nikisogeza mchoro, nikiandika REGEN, amri ya kuuchora mchoro upya, inarudi, nikisogeza tena inapotea. Msalaba wa kipanya ukawa unaacha michirizi skrini nzima. Nikahangaika na kila kinachojulikana. Nikabadilisha kebo ya HDMI, nikahakikisha imechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi, nikaingia GRAPHICSCONFIG, mipangilio ya grafiki ya AutoCAD, na kuzima ile huduma ya kuitumia kadi. Nikiizima, mistari yote inarudi, ila mchoro unakuwa mzito kwa kuwa kazi yote inaangukia prosesa. Nikiiwasha, balaa linaanza upya. Nikaamini AutoCAD yangu ndiyo mbovu, nikaifuta na kuiweka upya. Kumbe programu haikuwa na kosa lolote.

Ile kazi ya Kigamboni mnaifahamu. Mteja alikuja na mkewe na baba mkwe kuiona ghorofa yao kwenye 3D. Nikafungua modeli ya Revit ikiwa na vigae, vioo na bustani, nikaanza kuizungusha ili waione sebule. Skrini ikajaa viboksi vya zambarau, paa likatoweka, kisha giza. Nikaizima na kuiwasha kompyuta mbele yao, mambo yakawa yale yale. Yule mzee akamgeukia mkwewe, akamuuliza mbele yangu, "Hivi huyu kijana ndiye atakayetujengea?" Wakaondoka bila kusaini. Sijawahi kuaibishwa hivyo tangu nianze kazi hii.

Nikapakua draiva kutoka kwa NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa chipu za kadi hizi, nikaiweka. Kompyuta ikaleta skrini ya bluu, na ilipowaka, kadi ikaandikiwa hitilafu namba 43, yaani Windows imeisimamisha kwa kuwa ina matatizo. Nikaweka GPU-Z. Pale kwenye jina la kadi kumeandikwa FAKE kwa herufi kubwa, na kialama cha pembetatu ya njano. Programu hiyo inakamata kadi feki za NVIDIA tangu mwaka 2018. Viini vya kuchakata picha 192, wakati 1050 Ti halisi ina 768! Nikampelekea fundi wangu, akafungua feni, akaifuta ile pasti ya kwenye chipu, tukamulika tochi ya simu: GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011. Halisi ingekuwa GP107.

Wanachofanya ni kuokota kadi chakavu, wanaiflashia BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili ijitaje kwa jina la kadi mpya na kujidai ina GB nne, wakati ndani ina GB moja au hata pungufu. Ndiyo maana mchoro mdogo pale dukani ulienda vizuri. Ukiipa modeli nzito memori ya kweli inajaa, na hapo ndipo picha inapoharibika. Na ile "usiapdeti" ni kwa sababu draiva halisi inaumbua. NVIDIA waliacha kuzitolea draiva mpya za kawaida chipu za familia hiyo mwaka 2018.

Nilimrudia. Akanisomea kibandiko cha ukutani: mali ikishatoka hairudishwi. Vijana wake wakacheka.

Huyu mtu anatakiwa afungiwe duka. Si onyo, si faini ya kuchangiwa na ndugu. Awekwe ndani, na kadi zote alizonazo zivunjwe hadharani. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na ninaandaa barua yenye picha za chipu na za risiti. TRA nao waje waulize kwa nini anauza bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Anatuharibia riziki watu tunaosomesha watoto kwa michoro hii!

Kwa walio njiani kununua: mkiona 1050 Ti ina tundu la bluu la VGA, iacheni, ile halisi haina. GPU-Z nendeni nayo kwenye flashi yenu, asiwaambie habari za bando. Akikataza kuapdeti draiva, ondokeni hapo hapo. Bila EFD msitoe hela. Kuna na mengine ya kutazama kwenye waya wa umeme, fundi ataeleza kwenye komenti.

Na kama umenunua kadi kwake, usiitupe wala usiiuze kwa mwingine. Piga picha ya GPU-Z na ya risiti, unitumie inbox. Barua yenye malalamiko ya watu wengi itakuwa na nguvu kuliko yangu peke yangu.