Uzoefu wangu Muhimbili: usimkatae daktari mwanafunzi

Nimemuuguza baba hospitali ya Muhimbili, Dar, wiki mbili na ushee, wodi za Mwaisela, na naandika hii kwasababu pale nimeona ndugu wengi wakiambiwa mwanafunzi anakuja kumuona mgonjwa wanakunja uso, eti mzee wetu hajaja kufanyiwa majaribio. Na mimi nilikuwa hivohivo, sifichi.

Baba alianza na kukohoa. Hospitali tuliyoanzia alipewa dawa ya kikohozi mara tatu, kila tukirudi daktari hamalizi hata dakika mbili na sisi, huku miguu inazidi kuvimba, mpaka tulipopata rufaa. Siku ya pili wodini akaja binti wa MUHAS, chuo cha udaktari cha hapo Muhimbili, koti jeupe, kidaftari mkononi, shikamoo baba, akavuta stuli akakaa. Yani alikaa kweli, karibu lisaa lizima. Kabla hajamuwekea kile kipimo cha kifuani alikifikicha kwanza kwenye kiganja kisiwe cha baridi. Alafu akauliza kitu hakuna aliyewahi kuuliza, baba usiku unalalia mito mingapi? Baba akasema siku hizi mitatu, nikilala chali pumzi inakata. Mimi naishi nae nyumba moja na nilikuwa sijui!

Asubuhi kwenye raundi madaktari wamejaa kuzunguka kitanda, daktari bingwa akambana yule binti kwa maswali mpaka sauti ikawa inatetemeka, lakini ile mito mitatu ndo ikasababisha baba aandikiwe eko, kile kipimo cha picha ya moyo, na JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, iko humohumo ndani ya eneo kwahiyo tulimsukuma tu na kiti cha magurudumu. Kumbe moyo hausukumi damu vizuri, maji yanajaa kwenye mapafu. Kaanzishiwa dawa za kupunguza maji, haikupita wiki analala na mto mmoja.

Kama ndo unaenda mara ya kwanza uliza mapema jengo lako, mifupa ni MOI, moyo ni JKCI, na chuo kiko hapohapo. Mafunzo ya udaktari pale yalianza 1963, chuo kikuu kinachojitegemea kimekuwa 2007, kwahiyo mabingwa kibao unaowasikia nchi hii nao walianzia na kidaftari pembeni ya vitanda hivyohivyo. Mjibu mwanafunzi kila kitu hata unachoona hakina maana.

Siku ya kuruhusiwa baba aligoma kushuka kitandani mpaka amuage yule binti, akaambiwa kashahamishiwa wodi nyingine, ikabidi tumuachie nesi salamu zake.