Tathmini ya kliniki ya misuli na neva jijini Mwanza

Nilimpeleka mpwa wangu katika kliniki moja binafsi jijini Mwanza kwa sababu vidole vyake hukakamaa na kukawia kufunguka kila anapovuta kamba ya wavu kwa nguvu. Daktari alipima umeme wa misuli kwa sindano nyembamba, kisha akatueleza kwa utulivu namna miotonia ya kurithi, yaani hali ya misuli kukawia kulegea baada ya kujikunja, inavyotokea: jeni ya CLCN1 ikiwa na hitilafu, vijitundu vya kupitishia kloraidi katika utando wa seli ya msuli havifanyi kazi ipasavyo, na kwa kuwa kloraidi ndiyo inayoutuliza utando huo baada ya msuli kujikunja, umeme huendelea kufyatuka hata pale neva zilipokwisha kunyamaza. Ndiyo maana mgonjwa hutaka kuachia lakini mkono haumtii. Maelezo hayo yalizidi thamani ya fedha tuliyolipa, hasa kwa kijana ambaye jamaa zake walikuwa wakimwita mvivu.

Upande wa dawa sikuridhika. Meksiletini, ambayo hupunguza ukakamavu kwa kuzuia vijitundu vya sodiamu, haikuwapo katika duka lao, wala hatukuelekezwa pa kuipata. Kipimo cha moyo kinachotangulia dawa hiyo, hata hivyo, kilifanyika siku hiyo hiyo.

Mwenye dalili kama hizi aende na ndugu wa damu, kwani daktari huchunguza ukoo kwa makini. Julius Thomsen, tabibu wa Denmark aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1876, aliuona ndani ya familia yake mwenyewe.