Mafunzo ya nusu siku kuhusu mbegu za kale, Bagamoyo: yanafaa, ila kijitabu kirekebishwe

Mafunzo haya, yanayotolewa kwa walimu na wapenda historia katika ua wa nyumba moja karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, yanalenga kuonyesha jinsi punje zilizoungua karne nyingi zilizopita zinavyofichua kilimo cha watu wa kale. Ada ni shilingi 15,000 pamoja na uji wa uwele, ambao ulikuwa mzito na mzuri, ingawa sukari iliwekwa kwa mkono wa birika.

Sehemu ya vitendo inastahili sifa. Udongo uliochanganywa na punje za uwele zilizochomwa kwa makusudi humiminwa katika ndoo ya maji na kukorogwa taratibu. Mchanga huzama, vipande vyepesi vya mkaa huelea, kisha maji ya juu huchujwa kwa kitambaa chembamba na kinachobaki huanikwa kivulini. Mkufunzi alieleza kwa ufasaha kwamba kuungua ndiko kunakoiokoa punje, kwa kuwa punje mbichi huoza ardhini, ilhali iliyogeuka mkaa haiwafai tena vijidudu kwa chakula. Baadaye tulitazama vikonyo kwa hadubini. Uwele wa mwituni hupukutisha mbegu zake zinapokomaa, lakini wa shambani huzishikilia mpaka zipurwe, na tofauti hiyo husomeka kwenye kikonyo chenyewe. Ni kwa alama za namna hiyo, zilizosalia katika makapi yaliyochanganywa na udongo wa vyungu, kwamba watafiti walitambua uwele uliolimwa katika bonde la Tilemsi nchini Mali takriban mwaka 2500 kabla ya Kristo.

Kijitabu tulichogawiwa hakifikii kiwango hicho. Kimeandika kuhusu mtama, uwele na ulezi kana kwamba ni zao moja lenye chimbuko moja, ilhali ushahidi wa mtama unaelekea mashariki mwa Sudan, ambako alama zake kwenye vigae vya vyungu zina zaidi ya miaka 5,000. Uwele ni wa Afrika Magharibi, na ulezi ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kasoro inayoniudhi zaidi ni kwamba Pemba imepewa mistari miwili tu. Huko Tumbe, kabla ya karne ya 11, uwele ndio uliotawala miongoni mwa nafaka zilizochimbuliwa, na huko Chwaka, katika karne zilizofuata, mpunga ukashika nafasi hiyo. Sisi tunaouona wali kuwa chakula cha pwani tangu enzi na enzi tulihitaji maelezo marefu kuhusu badiliko hilo, hasa kama wali ulianza kuwa chakula cha karamu kabla ya kuingia katika mlo wa kila siku.

Hadubini ni moja tu. Anayetaka kukitazama kikonyo kwa utulivu na afike mapema, kabla uji haujapakuliwa, kwa sababu baada ya hapo foleni huwa ndefu.