Darasa la Jumamosi pale Kibuye: sentensi mbili, siku nzima

Kabla mtu aulize, darasa hili halina jina. Kwa mlango wamebandika tu karatasi, na watu wakiongea husema "ile ya Jumamosi". Liko ghorofani kwa jengo moja karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, unalipa 1,500, unakaa toka asubuhi mpaka saa kumi, na kazi ni moja tu: utoke na maelezo mafupi ya blogu yako, ni ya nini, ni ya nani na inaishia wapi. Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilitoka pale saa kumi na moja kichwa kinauma na sentensi mbili mkononi, na hizo sentensi mbili zimenisaidia kuliko miaka miwili yote niliyoandika kabla.

Wacha nieleze vile nilikuwa. Nilikuwa naandika kila kitu, leo mapishi, kesho bei ya unga, keshokutwa mambo ya ndoa, nikikasirika naandika siasa. Pale juu nilikuwa nimeweka "Karibu tuongee maisha, afya, kilimo, mapenzi na mengine mengi". Watu walikuwa wanaingia wanasoma kitu moja wanaenda na hawarudi, na mimi nikawa nafikiri shida ni picha, nikanunua taa, nikabadilisha rangi, bado wapi.

Mwalimu ni mama mtu mzima, amewahi kufanya kazi redioni, na anasikiliza vizuri sana. Tulikuwa watu tisa. Kila mtu alisoma maelezo yake kwa sauti na yeye hakumsifu mtu wala hakumkosoa, anauliza tu. Ilipofika zamu yangu akaniuliza, "Sasa dadangu, ukinyamaza wiki mbili bila kuandika, ni nani atakutafuta akuulize umepotelea wapi?" Nilikaa kimya. Nikafikiria kweli, na mtu aliyenijia kichwani ni mama mmoja mpangaji huko Nyalenda ambaye huniandikia kila nikiweka kitu cha mboga za kienyeji, mara osuga yake imetoka wadudu, mara dek imekuwa chungu watoto wamekataa kula. Siasa yangu hajawahi kuigusa. Mwalimu akasema basi weka huyo mama juu ya karatasi, ukiandika neno lolote umwangalie yeye.

Hapo ndio niliona tofauti ya vitu viwili ambavyo nilikuwa nachanganya. Lengo ni ile shida unamwondolea mtu. Mada ni eneo lako, na eneo lina mpaka. Unaweza kuwa na mada nzuri kabisa, kilimo kwa mfano, na huna lengo lolote, unajaza tu. Alitufanya tuandike pia orodha ya vitu ambavyo HATUTAANDIKA, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, juu kukata ndoa na siasa niliona kama nafukuza watu.

Alivyoona wengi tumekwama hapo akatutoa nje, tukashuka mpaka barabarani magari ya Kakamega yanapopita kuelekea Kondele, akasema tusimame dakika kumi tusikilize makanga wakiita abiria. Sijui kama nitaeleza vizuri lakini jaribuni siku moja. Makanga anasema "Kakamega ya Chavakali, wawili, wawili twende!" na amemaliza. Amesema mwisho wa safari, amesema anapitia wapi, amesema nafasi zimebaki ngapi. Hajasema gari ni la mwaka gani, hajataja Kiboswa, Majengo na Mbale zote ingawa atapita huko kote, na hajasema "karibuni tusafiri pamoja". Alafu mwalimu akatuonyesha mama mmoja na mzigo wake, alisikia Kakamega akarudi nyuma akaendelea kungoja, yeye alikuwa anaenda Busia. Makanga hakumbembeleza na hakukasirika. Gari la Busia linapitia Maseno na Luanda, likija ataitwa. Niliposikia hivyo ule uoga wa kufukuza watu ukaniisha palepale, kwa sababu huyo mama angeingia gari ya Kakamega kwa vile ameitwa vizuri, angeshuka Mbale akiwa amekasirika, na ndio wasomaji wangu walikuwa wanafanya hivyo miaka miwili.

Kitu kingine nilipenda ni simu. Unaambiwa uje na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ama uazime. Unaandika maelezo yako kama SMS moja, na pale kwa kona namba inashuka kutoka 160 ikielekea sufuri, ukipita inaandika 2, maana yake umeingia ujumbe wa pili na unarudi kukata. Alitueleza hiyo 160 ilitoka wapi: mwaka 1985 Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta yake akaandika sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi pamoja na nafasi, akaona karibu zote hazivuki 160. Kwa hivyo ni urefu ambao mtu wa kawaida anamalizia wazo lake. Na angalieni, ukiweka emoji moja tu nafasi inashuka mpaka 70, simu inabadilisha namna ya kuhesabu, mmoja wetu aliweka moto tatu mwisho wa sentensi na ujumbe wake ukakatika mara tatu. Instagram wanakupa 150 za kujieleza kwa wasifu wako, kwa hivyo ukizoea kabambe huko hakukusumbui sana.

Ya kwanza yangu ilikuwa "Nakuletea elimu na hamasa kuhusu umuhimu wa mboga zetu za asili kwa afya bora ya jamii". Ilitosha kwa simu vizuri tu. Mwalimu akasema nishuke nimsomee mtu asiyenijua, mara moja, bila kueleza, alafu nimwambie anirudishie. Nilimpata kijana wa boda hapo kwa geti, nikamsomea. Akaniangalia, akasema, "Sawa madam, kwa hivyo unauza mboga?"

Nikarudi juu. Nikatoa elimu, nikatoa hamasa, nikatoa umuhimu, nikatoa jamii, nikabaki na mboga na yule mama wa Nyalenda, ambaye hana shamba, ana magunia manne ya udongo kando ya mlango na kamba ya kuanika nguo. Nikajiuliza anataka nini kutoka kwangu. Anataka kujua saga inapandwa aje kwa gunia, mitoo inatolewa uchungu aje (tia mrenda ndani, ndio dawa yake), na msimu wa mvua ukileta nyingi atazikaushaje zisioze. Nikaandika hivi:

Kila Alhamisi mboga moja ya kienyeji: namna ya kuilima kwa gunia, kuipika na kuikausha. Kwa wapangaji wa Kisumu wasio na shamba.

Herufi 128 ukihesabu na nafasi. Nilishuka tena. Yule kijana alikuwa amebeba mtu ameenda, nikangoja mpaka akarudi, nikamsomea, akasema, "Ahaa, hii ni ya sisi watu wa ploti. Na terere inaweza mea kwa gunia?" Nilifurahi sana, nilimjibu hapohapo kwamba inamea vizuri tu, atoboe matundu pembeni ya gunia na asiache udongo ukauke.

Wengine kwa ufupi. Kijana mmoja alikuja na "soka la Kenya" na akaondoka na mpira wa shule za sekondari za Western peke yake, Kakamega High, Musingu na hao wengine, nikaona macho yake yamewaka kwa sababu hiyo ndiyo anaijua toka akiwa mwanafunzi. Dada mmoja aliamka usiku Nakuru akaja, yeye anaandika safari, akabaki na safari za kwenda na kurudi siku moja kwa matatu, Menengai, Hyrax Hill, hivyo. Wawili hawakumaliza, na mwalimu hakuwaandikia, aliwaambia warudi mwezi unaofuata bila kulipa tena. Hiyo niliiheshimu. Kuna mahali ingine, sitaitaja, nililipia pesa zaidi ya hii na wakaniandikia wenyewe maneno matamu ambayo yangefaa hata duka la viatu, sikuyatumia hata siku moja.

Sasa yenye sikupenda. Tulianza saa moja nzima baada ya muda tulioambiwa, na wengine tulitoka mbali. Karatasi za mazoezi ni za Kiingereza na sisi wote tunaandika Kiswahili, mwalimu mwenyewe anafundisha Kiswahili kizuri ajabu, sielewi kwa nini zisitafsiriwe, maana tulipoteza muda tukigeuza maswali kichwani kabla ya kuyajibu. Chumba kina joto mchana. Na kile kipande cha mwisho cha kutafuta pesa kwa blogu kilipitishwa haraka haraka kwa dakika ishirini, afadhali kingeondolewa kabisa tupewe huo muda wa kushuka tena kwa watu.

Imepita miezi mitatu. Alhamisi sijakosa hata moja. Machapisho ya siasa na ndoa niliyatoa yote, na kuna watu waliondoka, niliwaona wakiondoka. Lakini maswali ninayopata yamebadilika, mtu anauliza gunia ngapi za kunde zinatosha nyumba ya watu wanne, mtu anatuma picha ya majani amekausha juu ya mabati yakawa meusi anataka kujua alikosea wapi (jua kali moja kwa moja, anika kivulini penye upepo), na yule mama wa Nyalenda juzi amemjibu mwingine kabla yangu.

Kama mnaenda, bebeni kabambe na maji ya kunywa, na mfike na blogu ambayo tayari mmeandika kidogo, kwa sababu mwenye alikuja bila chochote ndiye alihangaika zaidi. Mimi nimemlipia mdogo wangu wa Bungoma nafasi ya mwezi ujao. Ameshindwa kungoja, amenitumia sentensi zake jana usiku, nimehesabu nikapata 171, nimemrudishia.